Thorold Dickinson, fundi wa mkasi

Mei 1939, Arsenal na Brentford walicheza katika uwanja wa Highbury huku kamera za filamu zikiwafuata. Thorold Dickinson, mwongozaji wa filamu mzaliwa wa Bristol, alizichukua picha za mechi hiyo ya kweli akazishona na za waigizaji wake, Brentford wakageuka Trojans, timu ya kubuni. Katika *The Arsenal Stadium Mystery* mchezaji wa Trojans anaanguka na kufa uwanjani, na mchezo unaozunguka kifo hicho ni mpira wa kweli.

Mkono huo wa kushona picha ulizoezwa katika chumba cha uhariri, alikokata filamu za wengine kabla ya kuongoza yake ya kwanza, *The High Command*, mwaka 1937. Mwaka 1940 akatoa *Gaslight*, kisa cha mume anayemfanya mkewe aamini kwamba amerukwa na akili. MGM ya Marekani ikanunua haki, ikaitengeneza upya na Ingrid Bergman, na ikataka nakala za Dickinson ziteketezwe. Bahati njema, zilisalimika.

Kwangu, kilele chake ni *The Queen of Spades* ya 1949. Bibi kizee amekwisha kufa, lakini mkwaruzo wa gauni lake na mlio wa fimbo yake vinamfuata askari aliyesababisha kifo hicho. Mzimu hatuuoni; masikio yetu ndiyo yanayouleta. Ni uamuzi wa mhariri anayejua nini cha kuacha nje ya picha.

Baadaye alifundisha katika chuo cha sanaa cha Slade, London, na mwaka 1967 akawa profesa wa kwanza wa filamu Uingereza. Alifariki mwaka 1984.

Sisi Watanzania tuna deni la kuitazama *Men of Two Worlds*, ya 1946. Kisenga, mpiga piano aliyeishi Uingereza, anarudi Tanganyika kuwashawishi wanakijiji wake wahame eneo lenye mbung'o na malale, na mganga Magole anampinga. Rangi zake zinapendeza, na Kisenga amepewa akili na uchungu ambao filamu za wakati ule ziliwanyima Waafrika. Hata hivyo hekima ya mwisho inabaki kwa serikali ya kikoloni, na Watanganyika wawili wakuu walichezwa na Robert Adams wa Guiana na Orlando Martins wa Nigeria. Ningependa ionyeshwe Dar es Salaam, na watakaoanza kuijadili wawe wajukuu wa waliohamishwa kwa ajili ya malale.