Doa Kwenye Picha ya Kifua

Kibera mtu akikohoa wiki tatu, jirani humaliza uchunguzi kabla ya daktari: "Mzee, hiyo ni TB, enda upimwe." Mara nyingi jirani huwa amesema ukweli. Shida ni zile siku amekosea, kwa sababu hata kliniki huwaza vile jirani anawaza. Kuelewa ni kwa nini, lazima turudi nyuma tuangalie mashine ya eksirei ilizaliwa kutafuta nini kwenye mapafu.

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha mkono wa mke wake, mifupa na pete ikaonekana. Mapafu yanafaa sana kwa kazi hii. Yamejaa hewa, kwa hivyo miale hupita na picha hutoka nyeusi. Penye usaha, maji au uvimbe, miale hukwama na pale panabaki doa jeupe. Lakini doa halina jina. Nimonia ni nyeupe, kovu la TB ni jeupe, na saratani pia ni nyeupe. Jina hutolewa na anayesoma picha, na msomaji huona kwanza kile amefundishwa kutafuta.

Wakati huo waliotafutwa walikuwa wagonjwa wa TB. Mwaka 1936 daktari Mbrazil, Manuel de Abreu, alibuni njia ya kupiga picha ndogo za kifua kwa bei rahisi, watu wengi kwa siku moja. Baadaye magari yenye mashine hizo yakazunguka Uingereza yakisimama mitaani. Mji wa Glasgow pekee, mwaka 1957, watu zaidi ya 700,000 walipigwa picha kwa wiki tano tu.

Dawa zikafanya kazi, TB ikapungua huko, lakini sigara ikawa imeleta balaa lingine. Richard Doll na Austin Bradford Hill walikuwa wameonyesha mwaka 1950 kwamba uvutaji unahusiana na saratani ya mapafu. Basi watu wakauliza: mashine tunazo, kwa nini tusizitumie kuwinda saratani? Kuanzia 1960, wanaume 55,034 wa London waligawanywa makundi mawili. Moja lilipigwa picha kila miezi sita kwa miaka mitatu, lingine mwanzoni na mwishoni pekee. Kundi la kwanza lilipatikana na saratani nyingi mapema, lakini vifo vikakaribiana tu.

Marekani ilirudia swali hilo kwa watu 154,901, na jibu lilitoka 2011: kupiga eksirei ya kifua kila mwaka hakukupunguza vifo vya saratani ya mapafu. Picha ni bapa; mbavu na moyo huficha uvimbe mdogo, na ukishaonekana mara nyingi umechelewa. Mwaka huo huo, utafiti mwingine wa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sana sigara ulionyesha kwamba CT skani ya miale kidogo, ambayo hukata kifua vipande vipande kama mkate, ilipunguza vifo hivyo kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei.

Huku kwetu TB haikuondoka. Hospitali ya Mbagathi, jirani kabisa wa Kibera, ilianza kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na wazee bado wanaiita IDH. Wagonjwa wa Kenya na majirani zake ndio walioshiriki majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliyoonyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi sita. Dunia nzima ilifaidika na vifua vyetu. Na uchunguzi wa kitaifa wa 2015 hadi 2016, uliopima watu 63,050, ulikadiria wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000. Baadhi yao hawakuwa na dalili ambazo kliniki huuliza. Eksirei ndiyo iliwashika.

Kwa hivyo daktari wa Nairobi akiona doa akafikiria TB, hesabu iko upande wake. Lakini kuna mama wa Kibera ambaye hajawahi kushika sigara, amepika miaka mingi kwa makaa na mafuta taa ndani ya keja ya futi kumi kwa kumi, na nje takataka zinachomwa. Mwaka 2013 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitangaza kwamba hewa chafu ya nje husababisha saratani ya mapafu. Mama huyu makohozi yake yakikosa vijidudu, bado anaweza kuanzishiwa tembe za TB kwa sababu ya picha. Madaktari barani Afrika wameandika mara nyingi kuhusu wagonjwa wa saratani waliomeza dawa hizo miezi mingi kabla ya kujulikana wanaugua nini. Kwa uvimbe, miezi hiyo inatosha kusambaa.

Sasa swali hilo la zamani tunalipatia kompyuta. Mwaka 2021 WHO ilikubali programu zisome picha za kifua kutafuta TB kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Ni jambo zuri, wasomaji wa picha ni wachache. Ila programu iliyofundishwa TB itajibu kuhusu TB.

Eksirei haiwezi kutukinga na saratani kwa kupima kila mtu, hilo limejaribiwa na kushindwa. Kwa mgonjwa anayekohoa tayari, bado ndiyo mlango wa kwanza, na mtaani ndio mlango wa karibu. Kinachookoa maisha ni kutosimama mlangoni. Mzazi wako akiambiwa ni TB, uliza kama vijidudu vimepatikana kwenye makohozi. Kama havikupatikana, uliza atapigwa picha nyingine lini. Na wiki zikipita, anameza tembe, bado anakonda au anakohoa damu, omba CT skani na kipande cha nyama kitolewe kipimwe. Hicho kipande ndicho huipa doa jina.