Fahamu jinsi mtetemo na hesabu zinavyobainisha udhaifu wa boriti za chuma

Chuma kinaweza kubeba daraja kwa miongo mingi huku ufa mdogo ukikua ndani yake pasipo kuonekana. Tarehe 15 Desemba 1967, daraja la Silver Bridge lililovuka Mto Ohio nchini Marekani lilianguka na kuua watu 46. Chanzo kilikuwa ufa mdogo katika kipande kimoja cha chuma, mahali ambapo jicho la mkaguzi halikuweza kufika bila kukifungua kiungo chake. Ajali hiyo ilisababisha Marekani kuweka viwango vya kitaifa vya ukaguzi wa madaraja.

Miongoni mwa mbinu za kutambua udhaifu uliofichika ni kupima mtetemo. Kila boriti ina idadi yake ya mitetemo kwa sekunde, kulingana na uzito na ugumu wake. Ufa hupunguza ugumu, na boriti hutetema polepole zaidi. Vihisi vilivyofungwa juu ya chuma hunasa badiliko hilo.

Kutafuta jawabu bora

Mtetemo pekee hausemi ufa uko wapi. Kwa sababu hiyo, wahandisi huunda mfano wa boriti katika kompyuta, wakaigawa katika vipande vidogo na kukisia kiasi cha ugumu uliopotea katika kila kipande. Mitetemo inayokokotolewa hulinganishwa na iliyopimwa. Makisio yenye tofauti ndogo kuliko yote ndiyo huchukuliwa kuwa jawabu.

Boriti yenye vipande 20, kila kimoja kikipewa viwango 10 vya uharibifu, ina michanganyiko inayoandikwa kwa tarakimu 1 ikifuatiwa na sifuri 20. Haiwezekani kuijaribu yote. Hapo ndipo hutumika mbinu za utafutaji, kama ile inayoiga urithi na uteuzi wa viumbe, iliyoelezwa na John Holland katika kitabu chake cha mwaka 1975, na ile inayoiga mwenendo wa makundi ya ndege na samaki, iliyotolewa na James Kennedy na Russell Eberhart mwaka 1995.

Mipaka ya mbinu hii

Katika boriti iliyoegemezwa sawasawa ncha zote mbili, ufa ulio upande wa kushoto hutoa mitetemo ileile na ufa ulio mahali panapolingana upande wa kulia. Ili kuitofautisha, ni lazima kupima pia umbo la mtetemo.

Mwaka 1993, katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, watafiti walikata kwa makusudi boriti ya daraja la barabara ya I-40 lililokuwa likisubiri kubomolewa. Mtetemo wa kwanza, uliokuwa 2.48 kwa sekunde, haukupungua katika hatua mbili za mwanzo za ukataji. Ulishuka hadi 2.30 katika hatua ya nne, sehemu yote ya chini ya boriti ilipokuwa imekatwa. Katika daraja jingine la jimbo hilo, Alamosa Canyon, tofauti za joto pekee zilibadilisha mtetemo kwa takriban asilimia 5 ndani ya saa 24.

Kwa hiyo, hesabu hizi humwelekeza mkaguzi mahali pa kuchunguza; hazichukui nafasi yake. Usalama wa mwananchi anayevuka daraja bado unategemea ukaguzi wa mara kwa mara, kumbukumbu za vipimo tangu daraja likiwa zima, na matengenezo yanayofanyika kwa wakati.