Vali ndogo zinavyowafaa wagonjwa wa mapafu

MAMA aliyepikia kuni kwa miaka mingi katika jiko lililojaa moshi, au mzee aliyevuta sigara tangu ujanani, anaweza kufikia hali ambapo safari fupi ya kwenda sokoni Kalamba, Kaunti ya Makueni, inamwishia pumzi njiani. Huenda anaugua emfisema, maradhi yanayoharibu vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu.

Vifuko hivyo vikiharibika, hewa huingia lakini hushindwa kutoka. Sehemu iliyougua hufura, ikabana sehemu zilizo salama na msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Uharibifu huo hauponi.

Hapo awali, baadhi ya waliolemewa walipasuliwa kifua ili sehemu mbovu ikatwe. Mnamo Juni 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vali za Zephyr, ambazo huwekwa bila upasuaji. Daktari hupitisha mrija mwembamba wenye kamera hadi katika njia za hewa, kisha hutega vali chache, aghalabu nne hivi. Kila vali huruhusu hewa kutoka, wala hairuhusu kuingia. Sehemu mbovu hunywea, na iliyo nzima hupata nafasi ya kutanuka.

Hata hivyo, si kila mgonjwa anayefaa. Ni sharti awe ameacha sigara, na vipimo vithibitishe kwamba hewa haipenyi kutoka sehemu jirani ya pafu. Ikipenya, vali hazitamsaidia.

Hatari pia ipo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukihusisha wagonjwa 190, zaidi ya robo ya waliowekewa vali walivuja hewa kifuani katika siku 45 za kwanza. Ndiyo sababu mgonjwa hulazwa kwa siku kadhaa chini ya uangalizi. Vali zikileta matatizo, zinaweza kutolewa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), maradhi sugu ya kuziba njia za hewa, ambayo emfisema ni mojawapo, yaliua watu milioni 3.5 mwaka 2021.

Anayekohoa au kuhema kwa miezi kadhaa hafai kudhani ni pumu au uzee tu. Akapimwe kifua kikuu, pamoja na kile kipimo cha kupuliza hewa. Kuacha sigara na kupunguza moshi jikoni hulinda sehemu ya pafu ambayo bado ni nzima.