Amri Inayofika Ubohoni

Mtu mwenye kichocho au pumu akipimwa damu, mara nyingi maabara hukuta kundi moja la seli nyeupe limeongezeka kupita kawaida yake. Ni eosinofili. Kwa mtu mwenye afya huwa chache, asilimia 1 hadi 5 hivi ya seli nyeupe zote, lakini minyoo ikipenya kwenye nyama za mwili idadi hupanda mara kadhaa. Zinatengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, mbali na utumbo au pafu lililoshambuliwa. Sasa uboho unapashwaje habari?

Paul Ehrlich, daktari kijana wa Kijerumani, alizitambulisha seli hizi mwaka 1879. Alikuwa akijaribu rangi za viwandani kwenye damu iliyokaushwa juu ya kioo, akaona seli zenye punje zinazoinywa rangi nyekundu ya eosini. Jina likatoka hapo. Kwa miaka tisini iliyofuata madaktari walizihesabu, wakajua magonjwa yanayozipandisha, lakini swali la anayezipandisha likabaki palepale.

Jibu lilianza kupatikana Oxford mwaka 1970, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika historia hii. Antony Basten na Paul Beeson waliwaambukiza panya mnyoo wa Trichinella, yule anayeishi kwenye nyama ya nguruwe isiyoiva. Eosinofili zikapanda kama ilivyotarajiwa. Kisha wakachukua panya wengine na kuwanyonya limfu kwa mpira kupitia mrija mkuu wa kifuani, hadi seli za limfu zikapungua sana mwilini. Panya hao walipoambukizwa, uboho wao haukuitika ipasavyo. Waliporudishiwa seli za limfu, uboho ukaitika. Jaribio la mwisho lilikuwa la werevu mkubwa: seli za limfu za panya wagonjwa zilifungiwa ndani ya vichumba vyenye vitundu vidogo, visivyopitisha seli, vikapandikizwa kwa panya wazima. Eosinofili zikaongezeka vilevile. Kama seli haikutoka, basi kilichotoka ni kemikali. Hakuna aliyekuwa ameiona, wala haikuwa na jina, lakini ushahidi kwamba ipo ulikuwa umekamilika.

Ikachukua miaka mingine kumi na sita kuishika. Kundi la Colin Sanderson huko Mill Hill, London, lilikuwa likisaka kitu kinachokomaza eosinofili. Japani, Kiyoshi Takatsu alikuwa akisaka kitu kingine kabisa, kile kinachozihimiza seli za limfu aina ya B zitoe kingamwili. Mwaka 1986 Takatsu, pamoja na Tasuku Honjo na wenzao, walitangaza jeni yake. Ikabainika kwamba pande zote mbili zilikuwa zikiifukuzia protini moja. Ikaitwa intalukini-5.

Leo mpangilio wenyewe unajulikana. Ndani ya seli changa ya uboho, protini iitwayo GATA-1 huielekeza ishike njia ya kuwa eosinofili. Mwaka 2002 panya waliokosa kipande kidogo kinachoiendesha jeni ya GATA-1 walikutwa hawana eosinofili kabisa. Seli ikishashika njia hiyo huota vipokezi vya intalukini-5. Ujumbe ukifika, seli hugawanyika kwa wingi, hukomaa na huchelewa kufa. Kemikali nyingine, eotaksini, iliyogunduliwa London mwaka 1994, husaidia kuziita zitoke ubohoni na kwenda panapohitajika. Lakini panya walioondolewa jeni ya intalukini-5 mwaka 1996 bado walikuwa na eosinofili chache za kawaida. Walichokosa ni lile wimbi la wakati wa maambukizi. Kwa hiyo intalukini-5 si muumbaji wa seli hizi, ni mwenye kuamuru ziongezwe.

Ziongezwe kwa faida gani? Nairobi ilichangia jibu. Mwaka 1975 Anthony Butterworth na wenzake, waliofanya kazi kwenye maabara za Wellcome Trust jijini humo, walionyesha kwamba eosinofili za binadamu, zikisaidiwa na kingamwili, huwaumiza minyoo wachanga wa kichocho.

Kwa mgonjwa wa pumu kali, silaha hiyohiyo huharibu njia zake mwenyewe za hewa. Dawa ya kuizuia intalukini-5, mepolizumabu, ilijaribiwa na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000: eosinofili zilishuka kwenye damu, pumu haikubadilika. Wengi walikata tamaa. Naamini kosa lilikuwa kwenye uteuzi wa wagonjwa, kwa sababu si kila pumu inatokana na eosinofili. Mwaka 2009 madaktari wa Leicester, Uingereza, na Hamilton, Kanada, waliwapa dawa hiyo wagonjwa wenye eosinofili nyingi tu, na mashambulizi yakapungua waziwazi. Marekani iliidhinisha mwaka 2015.

Maelekezo ya dawa hiyo yana sharti linalotuhusu sana sisi wa nchi za kichocho: mgonjwa mwenye minyoo atibiwe minyoo kwanza, ndipo aanzishiwe sindano.