iBook ya mjomba

Mtanisamehe kwa ukimya, nilikuwa vitani na mashine.

Mjomba kanipa iBook yake ya mwaka 2005, ile nyeupe ndogo ya inchi 12. Bumu bado, tasnifu inataka kuandikwa, ningekataaje? Mfumo wake wa zamani ukawa umeshaoza, nikaazima CD ya Linux kwa jamaa wa chumba cha pili. Nikawasha, kimya. Jamaa akacheka, “Hiyo imekufa, kaiuze kwa wauza vyuma.”

Haijafa bwana. Ndani yake hamna Intel, kuna PowerPC G4, na programu iliyopikwa kwa ajili ya Intel kwake ni kelele tu. Kwa kuwa mie nasoma historia na si kompyuta, nikaanza kuchimba: ilikuwaje hadi ikose wenzake?

Mwaka 1991 Apple, IBM na Motorola waliungana kutengeneza prosesa ya kupambana na Intel. Mac za kwanza za PowerPC zikatoka 1994. Linux haikuchelewa: 1996 Apple wenyewe waliidhamini MkLinux, 1999 ikaja Yellow Dog, na mwaka 2000 Debian ikaipokea PowerPC rasmi. Hata Ubuntu ya kwanza kabisa, Oktoba 2004, ilikuwa na CD yake. Yaani mjomba angeuliza wakati ule achague distro gani, angejibiwa chagua uipendayo.

Halafu Juni 2005 Steve Jobs akatangaza pale San Francisco kwamba Apple inahamia Intel. Kufikia Agosti 2006 Mac zote mpya zilikuwa zimehama.

Wengi humlaumu Jobs. Mie naona kilichoiumiza zaidi kwenye Linux kilikwenda polepole. Distro haijipiki yenyewe. Lazima awepo mtu mwenye mashine ya aina hiyo mezani, aandae vifurushi, avijaribu, arekebishe kinachogoma. Watu hao nao walinunua kompyuta mpya, mmoja mmoja. Mwaka 2007 Ubuntu waliiachia PowerPC mikononi mwa watu wa kujitolea, na baada ya 16.10 ikaondolewa. Debian walivumilia mpaka toleo la 8 la mwaka 2015. La 9, mwaka 2017, likatoka bila hiyo. Kumbukeni Apple mfumo wao wa mwisho kwa mashine hizi ulikuwa 10.5, wa 2007! Majirani walikaa msibani kuliko wafiwa.

Kwa hiyo leo huchagui kwa uzuri wa sura. Unauliza nani bado anaipikia. Ubuntu 16.04 inawaka vizuri, ila haipati marekebisho tena, na sitaki kuingia nayo intaneti. Nikaenda Debian Ports, ghala lisilo rasmi ambako wachache bado wanaishughulikia. Hakuna toleo lililotulia, kuna lile la majaribio tu, leo linafanya kazi na kesho linaweza kugoma. Nilirudia mara tatu, hadi saa tisa usiku. Waya ya mtandao muhimu, maana Wi-Fi yake ya Broadcom inadai faili za ziada kwanza.

Sasa inawaka. Naandikia kwenye kihariri cha maandishi matupu, kila jioni nanakili kwenye flashi, siiamini hata kidogo. Sura ya pili inatakiwa Ijumaa.

Mwenye chaja ya iBook G4 anitafute hosteli jamani, yangu inashikiliwa na selotepu.