Nicodemus, mji wa walioachwa huru

Mwaka 1877, Wamarekani Weusi waliotoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, walianzisha Nicodemus katika nyika ya Kansas isiyo na miti. Mbao zilikuwa adimu, hivyo walichimba makao yao ardhini. Mlowezi Willianna Hickman alipofika mwaka uliofuata, akaonyeshwa moshi unaofuka kutoka udongoni na kuambiwa mji ndio ule, alilia. Majira ya baridi ya kwanza, nyama waliyopewa na wawindaji wa kabila la Osage iliwanusuru na njaa.

Baadhi waliondoka, lakini wengine walibaki. Wakajenga makanisa, shule na maduka.

Pigo lilikuja 1888: reli iliukwepa mji ikapita kusini mwa mto uliokuwa karibu, na wafanyabiashara wakaifuata. Waliobaki wanastahili heshima kubwa. Hadi leo, kila mwisho wa Julai, wazao wa walowezi waliotawanyika Marekani hurudi Nicodemus kuadhimisha ukombozi.