Umbizo la namba

umbizo *nm* ma- [li-/ya-] mpangilio wa kuonyesha maandishi, tarehe au namba. Lina uhusiano na *umba* na *umbo*.

Maana katika kompyuta. Umbizo la namba ni namna ambavyo namba iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta hugeuzwa kuwa tarakimu zinazosomeka. *Namba* na *tarakimu* hazina maana moja: namba ni kiasi, tarakimu ni alama za kukiandika. Namba 255 huandikwa kwa tarakimu tatu katika mfumo wa kumi, 255. Katika mfumo wa nane ni 377, na katika mfumo wa kumi na sita ni ff. Namba ni ile ile. Kilichobadilika ni umbizo.

Katika kiini cha mfumo endeshi. Katika kiini cha Linux, kazi hii hufanywa hasa na faili lib/vsprintf.c. Upande wa pili ni kusoma tarakimu na kuzirudisha kuwa namba. Kitendakazi cha zamani, simple_strtoul, kikipewa “12abc” hurudisha 12 bila kulalamika. Kilichokusudiwa kushika nafasi yake, kstrtoul, hukataa maandishi hayo, na pia hutoa taarifa namba inapozidi ukubwa unaoruhusiwa.

Umbizo huweza pia kufichua siri. Tangu toleo la 4.15 la mwaka 2018, alama %p haichapishi tena anwani halisi ya kumbukumbu bali thamani iliyofumbwa, kwa kuwa anwani halisi humrahisishia mshambuliaji kazi yake.

Matumizi. *Kusafisha msimbo* si kuufuta. Ni kuupanga upya ili usomeke na kutunzwa kwa urahisi, pasipo kubadili matokeo yake. Sharti hilo ni zito katika umbizo la namba. Faili /proc/meminfo husomwa na watu, na pia na programu nyingine, ikiwemo free. Nafasi moja ikiondolewa au kipimo kikibadilishwa, programu inayotegemea mpangilio huo yaweza kukosea hesabu ingawa namba yenyewe ni sahihi.

Mifano. *Msimbo umesafishwa, wala haikubadilika hata tarakimu moja.* *Maumbizo haya mawili yanaonyesha namba ile ile.*

Tanbihi. Si sanifu kusema *umbizo hii*. Sema *umbizo hili*.

Taz. pia: msimbo, namba, tarakimu.